Doa la Mafuta na Maji Baridi ya Milimani

Mafuta ya mbuzi yakidondokea shati pale Gakindu, hayakawii kuganda. Huku milimani Mukurwe-ini, hasa mwezi wa Julai ukungu unapogoma kuondoka asubuhi, maji ya mfereji huuma vidole. Mtu hujaza karai, hufikicha kola mpaka mikono imchome, povu likajaa, shati likaanikwa. Jioni doa liko palepale, naye hulaumu sabuni. Sabuni haina kosa. Kilichokosekana ni joto.

Mafuta ya ng'ombe na ya mbuzi huyeyuka kwenye nyuzi 40 hadi 50 hivi za Selsiasi. Yale magumu ya kupikia, tunayokaangia chapati na mandazi, huyeyuka mapema kidogo. Chini ya hapo yanakuwa kama nta iliyojibana kati ya nyuzi za kitambaa. Sabuni nayo ina chembe zenye ncha mbili: moja hupenda maji, nyingine huyakimbia na kujichomeka kwenye mafuta. Chembe nyingi zikilizunguka tone, hulibandua na kulielekeza majini. Mafuta yaliyoganda hayaingiliki kwa urahisi, ndiyo maana povu linaweza kujaa karai zima bila kazi kufanyika.

Kwa hiyo usianze na maji. Kwangua mafuta yaliyobaki juu kwa kijiko, nyunyiza unga wa mahindi unyonye yaliyo mabichi, kisha ukung'ute. Halafu paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kitambaa kikiwa bado kikavu, uipapase taratibu kwa kidole na kuiacha kama robo saa. Ukikilowesha kwanza, maji hujaza nafasi kati ya nyuzi na sabuni hufika pale ikiwa imezimuliwa. Baada ya hapo ndipo uteleke maji. Shati la pamba linataka maji ya moto ambayo mkono unayavumilia kwa shida. Geuza nguo, ulifikiche doa kwa upande wa ndani, ili mafuta yatoke kwa njia yaliyoingilia badala ya kusukumwa ndani zaidi.

Hapa wengi huharibu kazi waliyokwisha kuifanya. Kitambaa kibichi chote huonekana cheusi kidogo, kwa hiyo doa hujificha na mfuaji hudhani limekwisha. Anika kivulini, litazame likikauka, na kama bado lipo urudie. Usipige pasi kabla ya hapo. Joto kali na hewa huyafanya mafuta yashikane na kuwa manjano, kama yale yanayokaukia ukingoni mwa sufuria ya mandazi na kukataa kuondoka hata kwa waya. Yakifikia hapo, sabuni haina tena cha kushika.

Mafuta yanayobaki yana tabia nyingine ambayo watu wa udongo mwekundu tunaijua bila kuitambua. Hunasa vumbi. Ile duara ya kahawia inayojitokeza kifuani baada ya siku mbili za kuvaa shati lililofuliwa si mafuta yenyewe, ni udongo wa Gakindu ulionata juu yake. Blichi haitasaidia, kwa sababu kazi yake ni kuua rangi, si kuondoa mafuta. Utakachopata ni shati lililopauka likiwa na doa lake.

Doa la mutura, ile soseji ya matumbo, lina utaratibu wake. Ndani ya mutura mna damu pamoja na mafuta, na damu ikikutana na maji ya moto huiva na kushika uzi. Anza na maji baridi mpaka wekundu uishe, ndipo uingie kwenye sabuni na joto.

Kwa bahati, mito inayoshuka kutoka Nyandarua na Mlima Kenya ina maji mepesi, yasiyo na chokaa nyingi. Sabuni ya kipande hufanya kazi vizuri zaidi hapa kuliko kwenye visima vya Mombasa vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe, ambako hugeuka utando mweupe. Kwa pamba nyeupe, kijiko kidogo cha magadi, yale yale tunayolainishia githeri ya mahindi na maharagwe, huongeza nguvu ya kuondoa mafuta. Usiyatumie kwenye sufu wala hariri, huzila.

Mafuta ya taa na petroli ninayapinga kabisa. Ni kweli huyeyusha mafuta, lakini mvuke wake hujaa chumbani na jiko la makaa haliko mbali.

Sweta za shule nyingi ni za akriliki, na mashati mengi yamechanganywa poliesta. Nyuzi hizi zimetokana na mafuta ghafi, kwa hiyo zinayapenda mafuta kuliko pamba inavyoyapenda. Hapohapo akriliki huharibika umbo kwa maji ya moto sana. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni nyingi zaidi, muda mrefu zaidi wa kuiacha ikae, na usikamue kwa kusokota. Doa la chapati kwenye mkono wa sweta huenda likahitaji kupakwa sabuni mara mbili, hata tatu.