Jua la Leo, Theluji ya Jana

Mtu akiitazama milima ya Alpi huko Ulaya wakati wa baridi, siku ile jua linapong'aa juu ya theluji nyeupe, atasema: «Leo hakuna hatari.» Wenyeji hawasemi hivyo upesi. Kwanza huuliza: Jana na juzi hewa ilikuwaje?

Sababu ni hii. Theluji huanguka tabaka juu ya tabaka. Upepo mkali huichukua upande mmoja wa mlima na kuirundika upande wa pili. Tabaka jipya lisiposhikamana na lililo chini yake, uzito wa mtu mmoja waweza kulipasua, na mteremko wote ukaporomoka. Tena, upepo wa joto uitwao Föhn ukishuka, baridi hupungua kwa saa chache tu. Theluji hulowa na kuwa nzito.

Mwaka 1999, kijiji cha Galtür katika nchi ya Austria kilipigwa na dhoruba moja baada ya nyingine, hata barabara ikafungwa. Tarehe 23 Februari theluji iliporomoka juu ya nyumba, ikaua watu 31.

Kwa hiyo nchini Uswisi, wakati wa baridi, tangazo la hatari hutolewa kila siku saa 11 jioni, kwa daraja 1 hadi 5. Mwenye busara hulisoma kabla ya kuondoka. Nanyi wanafunzi, jifunzeni kwake: asiyejua ya jana hujidanganya kwa uzuri wa leo.