Mkoba wa Mgongoni na Pedi ya Gemu: Wenye Kuvitumia Wasikilizwe

Atokaye Konde kuelekea Makangale hupita ndani ya msitu wa Ngezi, na anapotokea upande wa pili hukutana na upepo wa bahari kabla hajaiona bahari yenyewe. Upepo huo ni neema kwa mwenye joto, lakini ni adui wa vitu vingi viletwavyo huko kutoka madukani. Bati huliwa na kutu, betri za tochi huota unga mweupe, na kufuli iliyonunuliwa mwaka huu huenda mwakani ikahitaji nyundo badala ya ufunguo. Haya wakaazi wameyazoea na hawayasemi tena. Tulipokuwa huko hivi karibuni tulisikia malalamiko ya namna nyingine, nayo yalihusu vitu viwili ambavyo mtu hatarajii kuvikuta katika baraza moja: mkoba wa safari wa kubeba mgongoni, na kile kishikio cha kuchezea michezo ya televisheni ambacho vijana wetu wamekipa jina la pedi.

Msomaji mwenye shughuli zake huenda akauliza, ni tangu lini safu hii ikajishughulisha na vitu vya kuchezea. Tunamwomba avumilie kidogo. Fedha inayonunua vitu hivi ni fedha ya mwani, ya pweza na ya karafuu, na inapopotea haipotei kwa mchezo.

Tuanze na mkoba. Wazee wa Makangale walisafiri na kanda la miyaa, na aliyejiweza alikuwa na mkoba wa ukindu. Mzigo wa safari fupi uliingia katika pakacha la makuti ambalo hata mtoto aliweza kulisuka njiani. Vyombo hivi havikuwa na maajabu. Vilioza, vililiwa na panya, na mvua ikinyesha viliroana pamoja na kilichomo. Hata hivyo vilikuwa na sifa moja ambayo mikoba ya leo haina: aliyeusuka ukili alikuwa nyumba ya pili, na mshono ukifumuka alirudishiwa siku ile ile, akautazama, na akaona haya. Hakuna aliyehitaji dhamana ya maandishi.

Mkoba wa mgongoni ulikuja na manufaa yake na hatuna nia ya kuyakanusha. Mikono hubaki mitupu, jambo kubwa kwa mtu anayepanda boti au anayemshika mtoto. Mwanafunzi hubeba madaftari yake yasipate vumbi, na mvuvi aendaye dago hutia humo nguo, unga na taa, akaingia chomboni bila ya kumwomba mtu ampokee. Leo ni nadra kumwona kijana akiondoka Makangale bila ya mkoba huo.

Mama mmoja, ambaye hatutamtaja, alitueleza yaliyomfika mwanawe. Kijana alipata nafasi ya masomo Unguja, na familia ikachanga ikamnunulia mkoba mpya, mkubwa, wenye mifuko mingi na maandishi ya kupendeza. Akateremka nao kutoka ncha hii ya kaskazini mpaka Mkoani kusini ya kisiwa, safari ya kumaliza Pemba nzima, na hapo hapo gatini, katika msukumano wa kupanda boti, ukanda mmoja wa begani ukang'oka na mshono wake. Mkoba ukaangukia penye maji. Vyeti vyake vya skuli vilikuwa katika mfuko wa mbele, na zipu ya mfuko huo haikuwa imefunga sawasawa. Kijana alifika Unguja amekumbatia mzigo wake kama mgonjwa, na siku zake za mwanzo za masomo zilipita katika foleni za kuomba nakala za karatasi zilizoharibika.

"Baba, mwanangu aliondoka na mkoba," alisema yule mama, "akafika na uzi."

Wengine waliokuwepo barazani waliingia katika mazungumzo, na kwa hakika tulijifunza kwao mambo ambayo hayakuandikwa juu ya karatasi yoyote iliyoning'inizwa mkobani dukani. Walituonesha kwamba uzito wote wa mkoba hukaa juu ya vidole viwili vya mshono, pale ukanda unapoingia mgongoni, na kwamba mkoba mzuri hushonwa hapo kwa kurudiwa mara nyingi, au hutiwa kipande cha pili cha kitambaa ndani. Mnunuzi mjuzi huupindua mkoba nje ndani kabla ya kuuliza bei. Walituambia pia kuwa zipu haifi kwa kung'oka meno peke yake, bali kile kipande kinachopita juu ya meno huchoka na kupanua mdomo wake, kikawa kinapita bila ya kufunga. Ukikibana kidogo kwa koleo, kwa uangalifu, hupata uhai wa miezi michache. Wengine hupaka zipu mshumaa mkavu.

Mzee mmoja mvuvi alitufundisha jambo ambalo tungelipita. Mkoba uliorushiwa maji ya bahari, alisema, haukauki kamwe hata ukianikwa siku tatu, kwa sababu chumvi iliyobaki ndani ya nyuzi huita maji kutoka hewani kila usiku. Dawa yake ni kuusuuza kwa maji ya kisima kwanza, ndipo uanikwe, tena kivulini. Na ile ngozi nyembamba iliyopakwa ndani ya mikoba mingi ili isipitishe maji, katika joto na unyevu wa pwani huanza kunata, halafu hubanduka magamba magamba kama samaki, hata kama mkoba haukutumiwa na umehifadhiwa kabatini. Wenye kuujua ufundi wa vitambaa wanathibitisha maneno yake: aina ile ya plastiki huvunjwa polepole na unyevu wenyewe. Kwa hiyo mkoba uliosifiwa kwa kuzuia maji huharibiwa na maji ya hewani.

Wengi wa waliozungumza nasi walikubaliana katika jambo moja linaloaibisha biashara ya vitu vipya. Mkoba uliotoka katika robota la mitumba, uliokwisha kuchakazwa na mtu mwingine ng'ambo, huwashinda kwa umri mikoba mipya ya rahisi. Sababu si ngumu kuiona. Ule wa mtumba umekwisha kufanyiwa mtihani, na uliokuwa dhaifu haukufika robotani.

Sasa tuje kwenye pedi. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na umeme wa gridi kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, kazi iliyotekelezwa kwa msaada mkubwa wa Norway, na yakaisha yale maisha ya kutegemea majenereta. Umeme ulipoenea ulileta friji za barafu na televisheni, na nyuma ya televisheni yakafuata mabanda ya gemu. Wazazi wengi hawayapendi, na katika saa za skuli na za chuoni tunawaunga mkono moja kwa moja. Ila banda lile ni duka la mtu. Mwenye banda tuliyemtembelea alianza na televisheni kuukuu, mashine moja iliyotumika na pedi mbili, na kutokana na hizo anamlisha mama yake.

Ugonjwa unaomsumbua anauita kutembea. Mchezaji wa mpira aliyemo kiooni huanza kukimbia peke yake kuelekea pembeni hali aliyeshika pedi ameweka mikono yake mapajani. Anayefungwa mabao kwa namna hiyo hudai pedi ni mbovu na hataki kulipa, aliyeshinda naye hukataa mechi irudiwe, na mwenye banda hukosa fedha, na mara nyengine hukosa amani.

Tulimwomba atuoneshe. Akafungua pedi kwa bisibisi ndogo, na chini ya kile kijiti kinachosukumwa kwa dole gumba tukaona vijisanduku viwili, kimoja cha kupima mwendo wa juu na chini, kingine cha kulia na kushoto. Ndani ya kila kimoja kuna kipande kidogo cha chuma kinachosuguana na njia iliyopakwa kaboni nyeusi, na mashine hujua kijiti kimelala wapi kwa kusoma umeme unaopita hapo. Kusuguana ni kulana. Njia ile ikishalika, au ikiingiwa na vumbi na unyevu wa chumvi, mashine hudhani kijiti kinasukumwa na hali kimetulia. Chini ya vitufe kuna mpira wenye tone la kaboni, na huo huchoka kwa jasho la vidole. Waya nao hukatika pale pale unapoingilia, kwa sababu kila mteja huukunja. Kijana yule husafisha kwa spiriti, huhamisha vijisanduku kutoka pedi iliyokufa kwenda iliyo mgonjwa, na ameacha kabisa kununua pedi za bei ya chini kabisa, kwa kuwa mbili za namna hiyo zilimfia kabla hazijarudisha fedha yake. Zipo pia pedi zinazotumia sumaku badala ya kusuguana, ambazo haziliki kwa njia hiyo, naye anazijua kwa kusikia. Dukani hakuna anayeweza kumwambia ipi ni ipi.

Asije mtu akasema kwamba haya ni malalamiko ya watu wa shamba wasiojua kutumia vitu vya kisasa. Mwaka 2017 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mashine yake iitwayo Switch, na haukupita muda mrefu wenye kuinunua Ulaya na Marekani wakaanza kulalamikia ugonjwa ule ule wa Makangale. Mwaka 2019 baadhi yao walikwenda mahakamani Marekani. Mwezi Juni 2020 rais wa kampuni, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi kwa usumbufu huo. Januari 2021 jumuiya ya vyama vya watumiaji bidhaa vya Ulaya, BEUC, ilipeleka mashitaka mbele ya Kamisheni ya Ulaya ikiwa na ushahidi uliokusanywa kwa watu karibu 25,000, na mwaka 2023 kampuni ikakubali kuvitengeneza bila ya malipo vishikio vyenye kasoro hiyo kwa wateja wa huko, hata ikiwa muda wa dhamana umekwisha. Watu wale hawakuwa mafundi. Walisema tu yaliyowapata mikononi mwao, na palikuwa na mahali pa kuyapokea na kuyahesabu.

Kwetu mahali hapo pako wapi? Sheria hatuna upungufu nazo. Taasisi ya Viwango Zanzibar iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara ina sheria yake ya mwaka 2018 inayomlinda mtumiaji. Wala hatukubali kuwa bandari zetu haziwezi kuzuia kitu. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka mingi kabla ya Bara kufanya hivyo tarehe 1 Juni 2019. Kinachokosekana ni njia ya kutoka Makangale hadi ofisini. Mtu aliyenunua mkoba ukakatika hatalipa nauli ya kwenda na kurudi Chake Chake na kupoteza siku ya kazi kwa ajili ya kulalamika. Atanyamaza, atashona, na mwakani watauziwa wengine mikoba hiyo hiyo.

Tunapendekeza kwa wahusika jambo dogo lisilohitaji bajeti ya kutisha. Pawepo daftari katika ofisi ya sheha, ambamo mwananchi ataandikisha kitu alichonunua, alipokinunua, kimedumu muda gani na kimeharibika wapi. Daftari hilo lisomwe wilayani Micheweni kila mwezi na nakala ipelekwe kwa wenye dhamana ya viwango. Wafanyabiashara wa Konde wasiliogope. Wao nao huyafungua maboksi yao kwa wasiwasi, na hasara ya bidhaa mbovu huanzia kwao. Itawafaa kuwa na ushahidi mkononi wanapokwenda kumkabili muuzaji wa jumla. Wakaguzi nao wangeweza kuuchukua mkoba mmoja katika mia, wakaujaza mchanga, wakauning'iniza kwa kanda zake usiku kucha, wakaurushia maji ya chumvi, kisha wakautazama baada ya wiki mbili. Mtihani huo hauhitaji maabara.

Na Kituo cha Mafunzo ya Amali cha Vitongoji, kinachowafunza vijana wa Pemba kazi za mikono, kingeangalia kama matengenezo ya vyombo vidogo vya umeme vya namna hii yamepewa nafasi ya kutosha. Kijana wa banda alijifunza kwa kuharibu pedi tatu. Hiyo ni karo kubwa kwake.

Tulipoondoka, mkoba wa yule mwanafunzi ulikuwa umetundikwa barazani kwa mama yake, kwani kijana alikuja nyumbani mapumzikoni. Babu yake ameushona upya ukanda kwa uzi wa nyavu, mishono minene isiyopendeza macho, na ndani ametia kipande cha turubai. Jumamosi utateremka tena Mkoani. Nakala za vyeti zimo katika kopo lenye kifuniko, na kopo limefungwa kwa kamba, kwa sababu zipu bado haijatengemaa.