Barua Zilizofungiwa Ndani ya Disketi

Huko Nengo, mjini Gisenyi, unyevu wa Ziwa Kivu ni adui wa disketi. Familia iliyohifadhi humo barua za marehemu haina muda wa kupoteza, kwani kampuni ya Sony iliacha kuziuza mwaka 2011, na kompyuta za leo hazina tundu lake.

Kifuniko cha chuma kisogezwe, utando utazamwe. Wenye ukungu usitiwe mashineni kamwe: utachafua kichwa cha kusomea, na disketi itakayofuata itakwaruzwa. Iliyo safi hufunguliwa kijidirisha cha pembeni ili isiandikwe tena, kisha husomwa kwa mashine ya waya wa USB. Yote yanakiliwe kwanza. Shauku ya kusoma ingoje. Barua za WordPerfect hufunguliwa kwa LibreOffice, programu itolewayo bure.