Chumba Masta Kinaponuka

Tunduma ni mji wa wapita njia. Kuna madereva wa malori yaendayo Zambia na Kongo, wafanyabiashara wanaovuka kwenda Nakonde upande wa Zambia, na abiria waliofika usiku. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Oktoba 2019 ili kupunguza foleni mpakani, lakini kitanda bado kinatafutwa, na mgeni wa siku hizi huuliza kwanza kama chumba ni masta. Ndiyo maana mwenye gesti, na hata mwenye nyumba ya kawaida kuanzia Tunduma hadi Vwawa, anakata kona ya chumba, anaingiza choo na bafu, kisha anamalizia na marumaru zinazong'aa. Miezi michache baadaye chumba kinanuka. Lawama anabebeshwa mfanya usafi.

Mara nyingi kosa limefukiwa chini ya marumaru.

Kila tundu la maji, liwe la sinki, la sakafuni au la choo, linahitaji kona iliyopinda inayobaki na maji muda wote. Mafundi huiita trapu. Maji hayo, yenye kina cha sentimita 5 hivi, ndiyo kizuizi pekee kati ya pua ya mgeni na shimo la maji taka. Choo cha kukaa huwa na trapu yake ndani ya kauri. Tundu la sakafuni halina mpaka fundi aiweke. Ufundi huu si mgeni: Alexander Cumming, mtengeneza saa wa Uskoti, alipata hataza ya choo chenye bomba lililopinda mwaka 1775 huko London.

Sasa tatizo. Mtu akiflashi, maji huteremka yakiwa yamejaza bomba na kuvuta hewa nyuma yao. Hewa hiyo isipopata njia, itapita pale penye upinzani mdogo, yaani kwenye trapu ya bafu la jirani, na kuyanyonya maji yake. Mlio wa gluglu unaosikika sakafuni ni kama wa dumu la lita 20 linapomiminwa kwa pupa: hewa inapigania nafasi na maji. Trapu ikishakauka, harufu ya mayai viza inapanda bila kipingamizi. Dawa yake ni bomba la hewa, hata la inchi 2, linalounganishwa na bomba la maji taka karibu na choo na kupanda hadi juu ya paa, mbali na madirisha, likiwa na wavu wa kuzuia mbu mdomoni. Gharama yake ni ndogo mno mbele ya bei ya marumaru, na bado ndilo linalorukwa!

Kuna pia suala la mteremko. Bomba la inchi 4 hulazwa kwa kushuka sentimita 2.5 hivi kila mita. Choo kikiwa mita 6 kutoka kwenye chemba ya maji taka, bomba litashuka sentimita 15, na hapo ndipo fundi analazimika kuinua sakafu ya bafu au kuchimba zaidi nje. Asiyepiga hesabu hii mapema huishia na bomba lililolala tambarare, linaloziba kila mara.

Wanaodhani harufu ni kero tu waikumbuke Hong Kong. Mwaka 2003 ugonjwa wa SARS uliwapata watu zaidi ya 300 katika maghorofa ya Amoy Gardens. Wachunguzi walitaja, miongoni mwa sababu, trapu za sakafuni zilizokauka: feni za bafuni zilivuta hewa chafu kutoka kwenye mabomba na kuiingiza ndani ya nyumba. Hapa mkoani Songwe hakuna maghorofa ya namna hiyo, lakini kiangazi ni kirefu, na chumba kisichopata mgeni wala maji kwa wiki kadhaa hukausha trapu vilevile. Kopo moja la maji kwenye tundu la sakafuni linatosha kurudisha kizuizi.

Kwa anayejenga sasa, jaribio lifanyike kabla ya marumaru kubandikwa. Jaza maji trapu ya sakafuni, mwaga ndoo nzima chooni kwa mkupuo, kisha sikiliza. Tundu likilia au maji yake yakipungua, mwambie fundi asiendelee mpaka bomba la hewa lipande juu ya paa.