Kabla hujaziba kelele za pikapu, zisikilize kwanza

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo, tuongelee magari. Kuna swali nakutana nalo sana mtaani, hasa kwa washkaji wanaoendesha pikapu za mizigo: nikitaka kebini itulie, nisikie redio bila kuifungulia mpaka mwisho, nibandike nini?

Wanachoulizia ni zile karatasi zinazong'aa kama foili, zenye mpira mweusi unaonata upande wa pili. Wengi wanaziita "saundi prufu". Jibu langu ni kwamba zinafanya kazi, ila sio kazi ambayo watu wanadhani. Na zipo kelele ambazo ukizifunika umefunika hatari. Ngoja nieleze taratibu, maana hapa tunaongelea hela ya mtu na pengine uhai wa mtu.

Kwanza, kwa nini pikapu inapiga kelele kuliko gari dogo? Chukua Hilux ya zamani ya dizeli, zile za injini ya 3L au 5L ambazo kila gereji wanazijua. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Hewa inabanwa mpaka inakuwa ya moto sana, dizeli ikinyunyiziwa inawaka yenyewe kwa kishindo, ndo ule mgongano unaousikia likiwa sailensa. Kebini nayo imekaliwa na raba juu ya chasisi, na raba zikichoka kila mtetemo unapanda juu. Nyuma kuna springi za vyuma vilivyopangwa tabaka kwa tabaka, zimetengenezwa kwa ajili ya mzigo, kwa hiyo ukirudi mtupu gari linaruka kama mbuzi. Halafu wewe umekaa ndani ya sanduku dogo la bati, na ukuta wa bati uko nyuma ya mgongo wako kabisa.

Sasa sauti inaingia humo kwa njia tatu, na kila njia ina dawa yake. Hapa ndo watu wengi wanapopigwa hela.

Njia ya kwanza ni mtetemo. Bati pana likitikiswa linalia kama ngoma. Gonga paa la gari kwa kifundo cha kidole, utasikia linaitika kwa muda. Dawa ya hii ndo zile karatasi za foili. Ule mpira mweusi ni butili. Bati linapojipinda, mpira unavutwa kati ya bati na foili, nguvu ya mtetemo inageuka kuwa joto kidogo sana na mlio unakufa. Ni kama mtu ameweka kiganja juu ya ngoma inayopigwa. Na kiganja hakifuniki ngoma nzima! Kipande cha katikati ya bati, kama robo ya eneo lake, kinamaliza sehemu kubwa ya mlio. Anayekwambia ujaze kila kona anauza mzigo wake.

Njia ya pili ni sauti inayopenya ukuta wenyewe: mngurumo wa injini na wa tairi. Hapa foili inasaidia kidogo tu, dawa ni uzito. Ukuta ukiongezwa uzito mara mbili, sauti inayopita inapungua kama desibeli 6. Ndo maana kuna mazulia mazito ya vinaili, karibu kilo 5 kwa mita moja ya mraba, yanayotandikwa juu ya sponji nyembamba isiyonywa maji ili yasigusane na bati moja kwa moja. Piga hesabu: mita za mraba 4 ni kilo 20. Hakuna ukimya wa bure.

Njia ya tatu ni matundu, na hii ndo inayosahaulika kuliko zote. Ukuta hata uwe mnene vipi, ukiwa na uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake, hauwezi kupunguza zaidi ya desibeli 20 hivi. Sauti inapita pale hewa inapopita. Raba za milango zilizokauka, tundu la waya lililopoteza raba yake, vizibo vya sakafuni vilivyodondoka, raba ya gia iliyochanika... zote hizo ni madirisha yaliyo wazi.

Kupima ni rahisi. Chukua noti ya 1,000, ibane kwenye mlango, kisha ivute. Ikitoka bila upinzani, raba ya hapo imekufa. Usiku mwenzako apitishe tochi chini ya gari na kuzunguka milango, wewe ukae ndani gizani. Unapoona mwanga, hapo kelele inaingia, na vumbi, na maji pia. Kuziba matundu ni kazi ya bei rahisi kuliko zote, na ndiyo ya kwanza kufanya.

Sasa mtu atasema: mbona jamaa yangu alibandika gari zima na bado linanguruma? Ni kwa sababu desibeli hazijumlishwi kama maembe. Injini ikitoa desibeli 80 na upepo wa mlangoni desibeli 80, ukizichanganya unapata kama 83, sio 160. Maana yake ukiua moja kabisa, umepunguza 3 tu, sikio litaona tofauti ndogo mno. Ili mtu wa kawaida ahisi kelele imepungua nusu, inabidi zishuke kama 10. Kwa hiyo ukitumia hela yote kwenye paa wakati mlango unavuja, umeimaliza bure.

Hapo sasa tunafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mjomba wangu anabeba nyanya kutoka Ilula kuja Dar kwa pikapu. Anashuka Kitonga, anapita Mikumi, Morogoro, mpaka sokoni. Nyumbani tulishazoea, mjomba anaongea kwa kufoka na runinga anafungulia mpaka majirani wanafuata habari kwao. Akawa analalamika kichwa kinauma kila safari, akasema ni kelele. Alishatenga hela ya kubandika sakafu nzima. Fundi wa bodi alipotoa viti na kapeti, akaona doa jeusi la masizi kwenye bati chini ya kiti cha abiria. Chini yake bomba la moshi lilikuwa limeachia kwenye maungio, na juu yake kizibo cha sakafu hakipo. Moshi ulikuwa unaingia kebini. Bomba likachomelewa, kizibo kikarudishwa, na kile kichwa kikaacha kumsumbua kabla hata foili haijabandikwa.

Fikiria angebandika juu ya kapeti bila kuangalia. Kelele ingepungua kidogo, kichwa kingeendelea, na ule mlio uliokuwa unamwambia "kuna kitu kimeachia huku chini" usingesikika tena.

Moshi wa gari una monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu. Inashikana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikana nayo. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, na usingizi kwa mtu aliyeshika usukani mnajua unaishia wapi. Injini za petroli zinatoa nyingi zaidi ya hewa hiyo, lakini dizeli nayo sio salama: mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilitangaza kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: kelele mpya isizibwe, itafutwe. Mngurumo unaopanda na mwendo na kubadilika ukikata kona, angalia beringi za tairi. Mlio mkali wa chuma ukikanyaga breki, pedi zinaelekea kwisha. Kuna kibati kidogo kimewekwa makusudi kwenye pedi nyingi ili kikusumbue. Mgongo wa "du-du-du" ukiondoka na mzigo, angalia propela na raba za injini. Gari linaongea. Ukimaliza kulitibu, kelele inayobaki ndo ya kubandikia.

Haya, siku ya kazi ikifika, fuata mpango huu.

Toa waya wa betri kwanza, hasa kwa pikapu mpya zenye mifuko ya hewa, na usubiri dakika kadhaa. Soketi za njano chini ya viti ni za mifuko hiyo, usiziguse. Wala usijaze chochote kwenye nguzo za pembeni ambako mfuko unatokea.

Kausha sakafu kabisa. Ukiona kutu, ikwangue na uipake rangi ya kuzuia kutu kabla ya kingine chochote. Sie wa pwani na hewa ya chumvi tunajua, foili ikifunika unyevu bati linaliwa kimya kimya, unakuja kushtuka mguu unaona lami.

Safisha mafuta kwa spiriti, milango yote ikiwa wazi. Petroli hapana! Mvuke wake ukijaa kebini, cheche moja inatosha.

Bandika kipande katikati ya kila bati pana: ukuta wa nyuma, paa, sakafu, bati la nje la mlango. Gandamiza kwa rola mpaka kishike kabisa, maana kisichoshika hakifanyi kazi. Ukimaliza gonga tena kwa kifundo. Badala ya kulia, bati litatoa "tup" fupi kama ubao.

Kwenye milango, acha wazi yale matundu ya chini ya kutolea maji, na hakikisha kioo kinashuka bila kugusa kitu. Ile nailoni iliyo nyuma ya kava la mlango irudishwe, sio pambo, inazuia maji ya mvua.

Vitu vya kuepuka ni vitatu. Kwanza lami ya kuezekea, ile ya mikunjo. Ni rahisi kweli, ila gari likianikwa juani inalainika, inanuka na paani inaweza kudondoka. Pili, sponji ya godoro: inanywa maji, inashika moto haraka na moshi wake una sumu. Tatu, trei za mayai. Najua zimejaa kwenye studio za mtaani, lakini hazina uzito, haziwezi kuzuia sauti kupenya. Mngurumo mzito wa injini una mawimbi marefu, sauti ya hezi 100 ina wimbi la kama mita 3.4. Boksi la sentimita chache litaisumbua vipi?

Mwisho, kuna anayeona haya mambo ni ya kishua. Sio kweli. Kwa mujibu wa WHO, sikio linavumilia desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu, ukifika 90 umebakiwa na saa 4 tu kwa wiki nzima. Ilula hadi Dar, kwenda peke yake, inazidi hapo. Na usikivu ukishapotea kwa kelele haurudi, hakuna dawa.

Kwa hiyo hela ikiwa kidogo, ianze kwenye bomba la moshi na matundu, ifuate raba za milango, ndo ije foili. Vinaili nzito iwe ya mwisho, kama kuna chenji.

Nyie wenye pikapu, hasa za safari ndefu: kelele gani inawasumbua zaidi, na fundi wenu alisema inatoka wapi? Wekeni kwenye maoni, pamoja na aina ya gari na bei mliyolipa, wengine wajifunze.