Nani Atakuwa Mangwasha?

Mwalimu wa Kiswahili akitangaza kwamba kikundi cha maigizo kinakuja, swali la kwanza darasani huwa ni nani atakuwa nani. Habari ya kiingilio, basi na ruhusa ya mkuu wa shule hufuata nyuma. Kuanzia hapo hadi siku ya onyesho, wanafunzi wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta huishi na wahusika wa kitabu kama majirani waliosafiri na sasa wanatarajiwa kurudi.

Mtihani wa Fasihi wa kidato cha nne una riwaya na tamthilia teule, setibuku kama wanavyoziita wenyewe, na vikundi vya waigizaji huzunguka kaunti baada ya kaunti vikizionyesha jukwaani. Shule moja hutoa ukumbi, nyingine huja kwa mabasi. Wale wa Wundanyi na Werugha huteremka wakiwa na sweta za baridi ya milimani, na wakifika joto la Voi huzivua na kuzifunga kiunoni. Kwa wengi wao hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona mwigizaji ana kwa ana. Haishangazi kwamba hawataki tu kusikia jina la kitabu. Wanataka kujua ni nani aliyepewa Mangwasha.

Mangwasha ni mwanamke wa *Nguu za Jadi*, riwaya ya Clara Momanyi. Anafanya kazi katika ofisi ya Chifu Mshabaha, ana mume aliyezongwa na ulevi, na nchi yake ya Matuo inatawaliwa na Mtemi Lesulia. Kila msomaji ana Mangwasha wake. Kuna anayemwona mrefu, mweusi, wa maneno machache. Kuna anayemtaka mfupi mwenye sauti ya kukata. Lesulia naye awe na kitambi, au awe mkavu mwenye macho makali? Na Lonare, kiongozi wa upinzani, kijana wa miaka thelathini anaweza kumbeba, au anahitaji mtu mwenye mvi? Mabishano haya hufanyika kwenye foleni ya chakula, bwenini baada ya taa kuzimwa, na Jumapili alasiri chini ya miti. Yana sheria yake isiyoandikwa popote: anayedai jambo kuhusu mhusika lazima alionyeshe kitabuni. Ukisema Sagilu, mhusika mwingine wa riwaya hiyo, ni mnene, utaulizwa ukurasa. Ukikosa ukurasa, unanyamaza.

Nimeketi na walimu wanaoona mabishano haya kuwa upotevu wa muda wa kudurusu. Naamini wamekosea. Mwanafunzi anayetafuta ushahidi wa sauti ya Mangwasha ili ashinde hoja ya bwenini anasoma kwa makini kuliko yule anayekariri sifa kumi za mhusika. Tena anasoma kwa mapenzi.

Desturi nyingine inayofuatana na hii ni ya majina. Mwenye tabia inayofanana na ya mhusika hubatizwa papo hapo, na jina hilo humfuata. Kizazi kilichosoma *Kidagaa Kimemwozea* cha Ken Walibora kilikuwa na akina Mtemi Nasaba Bora wake, na waliosoma *Kigogo* cha Pauline Kea walikuwa na Majoka wao. Nimesikia stendi ya Voi mtu mzima akiitwa Majoka na mwenzake wa shule, akageuka na kuitika bila kusita.

Siku yenyewe ikifika, pazia likifunguka, ukumbi hutoa sauti moja kubwa kabla mwigizaji hajasema neno. Katika sauti hiyo mna walioridhika na waliosikitika. Kisha hutokea jambo ambalo mgeni anaweza kuliona kasoro: vikundi hivi ni vidogo, kwa hiyo aliyekuwa Lesulia anarudi baada ya dakika chache akiwa mlevi wa mtaani, na aliyekuwa chifu anabadilisha kofia na kuwa mfuasi. Katika shule za wasichana, chama cha drama kinapoigiza chenyewe, masharubu huchorwa kwa makaa na kitambi hutengenezwa kwa mto. Watazamaji wa hapa hawapati taabu yoyote. Mila ya kusikiliza ngano imewaandaa. Bibi aliyetamba hadithi jioni alikuwa sungura, fisi, zimwi na binti aliyepotea msituni, wote katika koo moja, naye hakubadilisha hata kanga. Tulichomdai ni sauti, na kila msikilizaji alijitengenezea sura kichwani.

Televisheni ndiyo iliyoleta dai la sura moja kwa mhusika mmoja. Vijana wa Voi wenye simu wanafuata habari za uteuzi wa waigizaji kama wenzao wa kwingineko duniani. Mwaka 2022, Leah Sava Jeffries, msichana mweusi wa Marekani, alipochaguliwa kuwa Annabeth katika tamthilia ya televisheni ya *Percy Jackson*, baadhi ya mashabiki walimshambulia kwa sababu kitabuni Annabeth ana nywele za rangi ya dhahabu. Mwandishi Rick Riordan mwenyewe alijitokeza kumtetea. Mei 2025, HBO ilitangaza watoto watatu watakaokuwa Harry, Hermione na Ron katika tamthilia mpya ya *Harry Potter*, baada ya makumi ya maelfu ya watoto kujaribiwa. Ushabiki huo ni ule ule wa bwenini. Tofauti ni kwamba mwanafunzi wa Mwatate anabishania sura za watu wa mbali, na hakuna hata siku moja aliyowahi kusubiri kuona ni nani atakuwa babu yake.

Hilo linaniuma, maana hadithi za nchi hii zimekwisha kuigizwa sana na wengine. Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza, alikufa Voi, Mei 1931, ndege yake ilipoanguka mara tu baada ya kuruka, pamoja na mtumishi wake Kamau. Katika filamu ya *Out of Africa* ya 1985, Finch Hatton aliigizwa na Mmarekani Robert Redford, na Farah, mhusika Msomali wa filamu hiyo, akaigizwa na Malick Bowens wa Mali. Simba wa Tsavo waliowaua wajenzi wa reli mwaka 1898, kaskazini mwa Voi, walitengenezewa *The Ghost and the Darkness* mwaka 1996. Filamu hiyo ilipigwa zaidi Afrika Kusini, na simba waliotumiwa walikuwa na manyoya mengi ya shingoni, ilhali wale wa kweli hawakuwa nayo. Ngozi zao ziko Chicago, jumba la Field Museum, na yeyote anaweza kwenda kuhakikisha. Hata simba, basi, walitafutwa bila kusoma ukurasa.

Na hadithi zisizoguswa ni nyingi. Ziwa Chala, juu ya Taveta, lina simulizi ya kijiji kilichozama pamoja na mifugo yake, na sijui fantasia gani iliyo tayari zaidi kwa kamera. Kuna Mwangeka, shujaa wa Wadawida anayekumbukwa kwa kuwapinga Waingereza. Kuna Wakasighau, watu wa mlima Kasighau, waliotuhumiwa mwaka 1915 kuwasaidia Wajerumani wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi, ambako wengi walikufa. Nikiwatajia vijana hadithi hizi, mabishano huanza hapo hapo. Mwangeka azungumze Kidawida chote, au Kiswahili? Mkasighau aigizwe na jirani yake Msaghala? Mtaveta atakubali Chala iigizwe na mtu wa milimani? Na kuna swali zito kuliko hayo. Katika milima hii ya Taita mafuvu ya wazee yalipangwa kwenye mapango ya miamba, kila ukoo na pango lake, na mengine yako huko hadi leo. Mahali kama hapo huwezi kumpa mtu yeyote uso wa mzee wa ukoo kwa sababu tu ana sura ya kupendeza. Ukoo utataka kuulizwa, na mimi nauunga mkono.

Mtihani wa kidato cha nne tuliouzoea utafanywa mara ya mwisho mwaka 2027. Katika shule za upili za mtaala mpya, maigizo na filamu ni somo ndani ya mkondo wa sanaa na michezo, kwa wanaouchagua. Ikiwa shule za Voi na za milimani zitapata walimu wa somo hilo na kamera moja moja, wale wanaodaiana ukurasa leo kwenye foleni ya chakula ndio watakaokaa mezani kuwachagua waigizaji. Ningewaomba waanze na Chala.