Maduka Mawili, Daftari Moja

Mfanyabiashara aliyefungua duka la mtandaoni kwa Shopify, kisha, kwa kutamani wateja wa namna nyingine, akafungua la pili kwa WooCommerce, hutambua punde si punde kuwa taabu yake si ya kuuza bali ya hesabu. Maana bidhaa zile zile za ghala moja sasa zimeandikwa mahali pawili, na kila bei inayobadilika, kila picha inayoondolewa na kila shati linalonunuliwa hudai kuandikwa mara mbili. Aghalabu huanza kwa kunakili kwa mkono, na kazi hiyo inapomwelemea ndipo husikia habari za API.

API ni mlango ambao kwao programu moja huiuliza nyingine habari, au huiagiza kazi, pasipo mtu kufungua ukurasa wala kubonyeza kitufe. Mlango huo una bawabu: abishaye hodi sharti aonyeshe ufunguo wa siri aliopewa na mwenye duka, nao hudhihirisha kama ana idhini ya kusoma tu au ya kuandika pia. Majibu nayo hutolewa kwa kiasi. WooCommerce, mathalani, isipoambiwa vingine, hutoa bidhaa 10 kwa kila ombi, wala haizidishi 100, hivyo orodha ya bidhaa 2,500 huhitaji maombi yasiyopungua 25. Na seva iliyochoshwa na pupa ya muulizaji hujibu kwa namba 429, yaani maombi yamezidi, na angoje.

Walakini maombi hayo hayana faida ikiwa bidhaa hazitambulikani. “Shati jeupe” la duka moja na “Shati la kitani, nyeupe” la duka jingine ni kitu kimoja machoni pa binadamu, lakini kwa programu ni vitu viwili. Na namba ambazo kila duka huzitunga lenyewe hazilingani. Kwa sababu hiyo kila bidhaa, kwa kila rangi na saizi yake, hupewa msimbo wa pekee uitwao SKU, mfano SHT-NYP-L, usiobadilika popote.

Penye stoku ndipo penye mtihani. Tuseme mashati ya SHT-NYP-L yamebaki 12, na kwa wakati mmoja mteja mmoja ananunua huku na mwingine kule. Kila duka likimwarifu mwenziwe kuwa yamebaki 11, yote mawili yataonyesha 11 ilhali ghalani mna 10, na iko siku litauzwa shati lisilokuwapo. Maduka yakiambiana “punguza 1”, kosa hilo huondoka, lakini huzuka jingine: mtandao ukikatika kabla ya jibu kurudi, mpelekaji hudhani ujumbe umepotea, huurudia, na shati moja hupunguzwa mara mbili. Dawa yake ni kuambatanisha kila agizo na namba ya oda, ili mpokeaji akiiona namba aliyokwisha kuiandika, aipuuze.

Juu ya ufundi wote huo upo uamuzi ambao hakuna programu iwezayo kumfanyia mwenye mali: daftari la asili ni lipi? Oda zote zipelekwe huko, hesabu ikatwe huko, na maduka yapokee jumla tu. Asipoamua, bei mpya aliyoiandika asubuhi itafutwa na bei ya jana iliyorudi kutoka duka la pili, na kila duka litakuwa limetii maagizo yake barabara.

Ni kweli kwamba duka laweza kutoa taarifa lenyewe pindi oda iingiapo. Lakini Shopify yenyewe hutahadharisha kuwa kufika kwa taarifa hizo hakuna dhamana, hivyo ni hekima kulinganisha orodha nzima kila usiku. Naye aanzaye na aanze kwa ufunguo wa kusoma tu, atoe misimbo isiyolingana na kuisahihisha, kisha aruhusu bei, na stoku iwe ya mwisho.